Vibao Vitano vya Mlango Mmoja

Dada mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kwamba ile homa uliyonieleza kwenye simu imekwisha, shemeji amerudi kazini na wapwa zangu wanaendelea na masomo. Yule mdogo mwambie nimepokea mchoro wake wa babu. Kamchora ana miguu mitatu, nadhani mmoja ni fimbo. Sisi huku tunaendelea hivyo hivyo. Sikuambii hatujambo, kwa sababu leo nimekaa nikuandikie barua isiyo na uongo hata mmoja, na hiyo ni kazi ambayo sijaizoea.

Nimeona nisikupigie simu kwa sababu unanijua. Kwenye simu ungeniuliza swali katikati ya sentensi, nami nikiulizwa swali katikati ya sentensi huwa naona upenyo, natoroka. Kwa hiyo vumilia urefu wa barua hii, usiruke kurasa kama unavyofanya na barua za shemeji.

Nyumbani pamepoa. Watu waliokuwa wakija kutupa pole wamepungua, wamebaki wale wa kila siku, yaani jirani wa kushoto na kuku wake. Patasi na nyundo za baba tumewagawia wachonga mawe wenzake kama ulivyoagiza. Mmoja wao aliikataa patasi kubwa, akasema hiyo ndiyo iliyomla baba mapafu na yeye yake yamebaki nusu. Alifika mlangoni, akarudi, akaichukua, akasema hata hivyo chuma chake ni kizuri. Kitanda cha baba bado kipo sebuleni karibu na dirisha, Shangazi hataki kisogezwe. Yeye mwenyewe analala chumbani kwake akiacha mlango wazi, akisikilizia kifua ambacho hakipo tena.

Sasa nije kwenye suala la Bi Sindano, maana kila ukipiga simu unaniuliza limefikia wapi. Malalamiko yako yalifika wizarani siku ileile uliyonitumia. Niliyapeleka kwa mkono wangu, nikasaini kitabu cha mapokezi. Yamefanya kazi. Bi Sindano amesimamishwa, kituo chake kimepigwa kufuli la serikali, na mashine ya oksijeni imefungiwa humo humo ndani. Alhamisi ijayo anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu kujibu kosa la kumkatalia huduma mgonjwa mahututi aliyefikishwa mlangoni kwake. Likithibitika, jina lake linafutwa kwenye daftari la wauguzi, na polisi nao wanaweza kulichukua. Ana miaka sitini na saba. Karani wa kamati aliniambia barua yako ndiyo ushahidi mkubwa walio nao, kwa sababu umeandika vizuri, umetaja siku, saa na maneno yaliyosemwa. Hizo saa na hayo maneno nilikupa mimi.

Wewe Bi Sindano unamkumbuka kwa jina lile la utotoni tu, kwa sababu alituchanja sote na wewe ukamng'ata kidole. Baada ya kustaafu hospitali kuu hakukaa nyumbani kufuma vitambaa. Aliwakusanya wauguzi wenzake waliostaafu, wakawa kumi na mmoja, wakapanga chumba kimoja chenye veranda nyuma ya ofisi ya posta, wakaanza kuhudumia wagonjwa wa kifua, wengi wao wachonga mawe. Mashine walipewa na daktari mmoja aliyekuwa anahama. Haitumii mitungi, inachuja hewa ya chumbani na kumpa mgonjwa oksijeni kwa mpira wa puani. Baba hakuwahi kuogopa mwamba wowote, lakini akiuona mkoba wa Bi Sindano alikuwa anauliza kwanza kama kuna kitu chenye ncha ndani. Walikuwa wanataniana mpaka unasahau nani mgonjwa.

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa sababu sidhani niliwahi kukueleza sawasawa. Nilikuwa nakutumia picha tu nimevaa fulana ya lile shirika la misaada kutoka nje.

Nchi yetu udogo wake unaujua. Huku ukipiga chafya mpaka wa mashariki, wa magharibi wanakuambia pole. Shirika lilipoamua kutusaidia kwenye magonjwa ya mapafu lilikuja na mwongozo uliotungwa huko kwao kwa ajili ya nchi zenye watu mamilioni. Mwongozo unasema shirika halifanyi kazi lenyewe, linafanya kupitia washirika wenyeji, na washirika hao wasipungue watano, kila mmoja awe na uongozi wake, ofisi yake, kibao chake na vifaa vyake. Mimi niliajiriwa kuwa afisa ushirikiano, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwatafuta hao watano. Nilitafuta miezi miwili, nikazunguka mpaka viatu vikaniomba msamaha. Nilimpata mmoja tu, ambaye ni Bi Sindano na wenzake. Mkurugenzi wangu akaniambia kwa upole kwamba ikifika mwisho wa mwezi hawajatimia watano, msaada wote utahamishiwa nchi nyingine.

Basi nikakaa na wale wauguzi kumi na mmoja, tukawagawa. Mwenyekiti wa kundi la kwanza akawa katibu wa la pili, mtunza hazina wa la pili akawa mwenyekiti wa la tatu, tukaenda hivyo mpaka tukafika matano. Majina niliyatunga mimi, na anwani pia. Kuna moja niliita Marafiki wa Mapafu, na Bi Sindano aliuliza maadui wa mapafu ni akina nani, wasije wakatushtaki. Alisita kusaini, nisimsingizie. Aliniuliza mara mbili kama jambo hili halitakuja kumuumiza mtu. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikamwambia ni makaratasi tu, kazi itabaki ileile na dawa zitakuja nyingi zaidi. Hilo la dawa lilikuwa kweli. Fundi wa vibao akachora vitano, na kila wageni kutoka makao makuu walipokuja tuliwapangia siku tano tofauti, mlango ni uleule ila wanaingilia njia nyingine, kibao kinabadilishwa, meza inageuzwa na kitambaa kinawekwa kipya. Kwenye ziara ya nne mgeni mmoja alimkazia macho Bi Sindano akasema anahisi waliwahi kuonana. Bi Sindano akamjibu kwamba nchi yetu ni ndogo, watu tunafanana. Mgeni akaliandika hilo kwenye daftari lake. Siku hiyo tulicheka mpaka tukavunjika mbavu.

Kilichoharibu kila kitu ni fomu moja inayoitwa kipimo cha uwezo. Mshirika asiye na mashine ya oksijeni hapiti kipimo. Kwa hiyo mashine ile moja niliiandika kwenye fomu zote tano, kila fomu na namba yake. Wote wakapita. Miezi sita baadaye Bi Sindano akaomba waongezewe mashine nne, kwa sababu wachonga mawe wanazidi kuugua. Maombi yakarudi yamekataliwa kwa barua ya heshima sana. Makao makuu walisema wanafurahi kuona kila mshirika ana mashine tayari, na hivyo zile zilizokuwepo zimepelekwa kwenye uhitaji mkubwa zaidi. Bi Sindano alinipa ile barua nisome. Ningeweza kuandika ukweli wiki ile. Nilijiambia nitaandika mwaka mpya wa kazi ukianza.

Hapo ndipo linapokuja la kwanza nililokukosea wewe, Dada. Mwaka jana ulitaka kumchukua baba aje akae na wewe karibu na hospitali kubwa. Ulishaandaa chumba, shemeji alishakubali, hata koti la baridi ulishamnunulia. Mimi nikakuzuia. Nilikuambia baba asing'olewe kwao uzeeni, na kwamba huku sasa tuna vituo vitano vyenye mashine, hana shida. Ulifurahi, ukanisifu kwamba mdogo wako amekuwa mtu. Nilijua mashine ni moja. Nilikuwa sitaki kubaki nyumbani bila baba, na nilikuwa naona raha kusifiwa na wewe. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hizo.

Ule mwezi wa moshi umeusikia. Jalala la mji liliwaka likakataa kuzimika kwa siku kumi na mbili, mji mzima ukawa unanuka plastiki, na watu wenye vifua wakaanza kujaa hospitali kuu. Siku ya tisa mitungi ya oksijeni iliisha na gari la kwenda kuijaza lilikuwa limeharibika. Pale mapokezi, ukutani, walikuwa wamebandika mpango wa dharura wenye orodha ya washirika watano na anwani zao. Orodha hiyo niliichapa mimi, nikaitia plastiki isichafuke. Wauguzi wa mapokezi wakawa wanawanakilia ndugu za wagonjwa kwenye vikaratasi, wanawaambia waanze na wa kwanza, pakijaa waende wa pili, na kuendelea.

Baba alibanwa asubuhi, kama saa nne. Shangazi akamchukua kwa teksi, hospitali wakampa kikaratasi, wakafika kwa Bi Sindano. Hayo unayajua. Unajua pia kwamba walikuta mashine inatumiwa na mama mmoja fundi cherehani aliyetangulia kufika. Mimi nilikuambia kwamba Bi Sindano alimwangalia baba akasema hapa hakuna nafasi, nendeni mbele. Ukaliandika hilo kwenye malalamiko yako, umelipigia mstari.

Dada, hakusema hivyo. Alitoka mpaka kwenye teksi, akampima baba mapigo, akamweka vizuri kwenye kiti asibanwe, akamwambia Shangazi wasubiri palepale, wasiende popote, yule mama anakaribia kutulia na baada ya dakika ishirini atampisha baba. Kisha akarudi ndani kwa sababu fundi cherehani alikuwa anatapika. Shangazi alinieleza hivyo hivyo siku ileile, neno kwa neno. Wewe ulipopiga simu nikakupa maneno mengine.

Nitakuambia kwa nini hawakusubiri. Shangazi alishikwa na hofu, akaangalia kile kikaratasi, akaona kuna sehemu nyingine nne. Akanipigia mimi. Mimi si ndiye mwenye kazi hiyo, nani mwingine angejua? Nilikuwa kwenye ukumbi wa mikutano wa shirika, wageni wa makao makuu wamekaa mbele yangu, mkurugenzi yuko kulia kwangu, na ukutani kuna ramani ya nchi yetu yenye vidoti vitano vya kijani. Nilikuwa nimeshika fimbo ya kuonyeshea kidoti cha pili. Simu ikaita, nikataka kuikata, mkurugenzi akaniashiria nipokee kama ni ya nyumbani. Ukumbi ukanyamaza kunipisha. Shangazi akaniambia baba hali mbaya, mashine ina mtu, tumeambiwa tusubiri, je tusubiri au twende kwingine? Alikuwa anapiga kelele, na sauti ya simu yangu unaijua, watu walioketi mbele walisikia. Mgeni mmoja akaniambia kwa huruma kwamba bahati nzuri wapo washirika wengine wanne.

Dada, nilikuwa na neno moja tu la kusema. Subirini. Lakini ningesema subirini, wangeuliza kwa nini wasubiri wakati vidoti vinne viko pale ukutani. Nikamwambia Shangazi, "Nendeni la tatu, ndilo la karibu." Nikakata simu, nikaendelea na kidoti cha tatu.

Nilijidanganya kwamba watazunguka kidogo, wasipoona kitu watarudi kwa Bi Sindano, na mashine itakuwa imeshaachwa. Anwani tuliyoliandikia la tatu ni karakana ya fundi wa vibao. Kibao chenyewe kilikuwa ndani, kimegeuziwa ukutani, kinangoja siku ya wageni, na fundi hakuwepo. Shangazi alishuka akauliza duka kwa duka, hakuna aliyewahi kulisikia kundi hilo. Dereva akasema wajaribu la nne. Bi Sindano alipotoka na kumwita baba hakuona teksi. Alisimama barabarani anauliza watu. Ilikuwa dakika ya kumi na nane, ameniambia mwenyewe, kwa sababu alikuwa anaangalia saa. Baba alikata roho kwenye mzunguko wa barabara ya sokoni, kati ya karakana ya la tatu na stoo tupu tuliyoiandika kuwa la nne. Yule fundi cherehani ni mzima.

Kuna kitu kingine ambacho Shangazi huwa anakirudia kila jioni, na kila akikirudia mimi natoka nje. Anasema baba alikuwa amekata kauli lakini akili ilikuwepo, na tangu teksi ilipogeuka kutoka kwa Bi Sindano alikuwa anamtikisia kichwa na kumvuta mkono. Akamvuta mpaka akamwachia alama ya kucha. Shangazi anaamini kaka yake alikuwa anakataa kufa. Baba alikuwa anajua, Dada. Mtu pekee nje ya wale wauguzi na fundi wa vibao niliyewahi kumsimulia habari ya vibao ni yeye, nikamwomba asimwambie Shangazi maana Shangazi siri hazikai kwake. Alikuwa anajua kwamba la tatu halipo. Alimsikia Shangazi akirudia jina langu kwenye simu, kisha akaona gari linageuzwa.

Sijui alifikiria nini juu yangu kwenye hizo dakika. Najiuliza kila siku na sitapata jibu.

Baada ya mazishi Bi Sindano aliniuliza kwa nini mliondoka. Nikamjibu Shangazi alichanganyikiwa. Shangazi naye nikamwacha aamini hivyo, na ameamini kabisa. Anasema amezeeka, macho yamemwisha, ameshindwa kuona kibao kilichokuwa mbele yake na kaka yake amekufa kwa ajili hiyo. Jumamosi alikwenda kupimwa macho. Malalamiko yako yalipofika, Bi Sindano hakusema lolote kuhusu vibao, kwa sababu wenzake kumi wamesaini pamoja naye na wengine hawawezi hata kupanda ngazi za kamati. Alinyamaza akasimamishwa. Mimi nikanyamaza nikapandishwa cheo. Ndiyo, Dada, tangu mwezi uliopita mimi ni afisa ushirikiano mwandamizi.

Usiniambie kwamba nilikuwa kwenye mshtuko, wala shemeji asikuambie hivyo. Mshtuko hauchukui wiki saba. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi yangu, halafu nikakuogopa wewe, halafu nikazoea.

Jana nilimwambia Shangazi. Nilimkalisha kwenye kiti cha baba nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, na la kutikisa kichwa pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakunipiga, ingawa nilikuwa nimekaa karibu ili anifikie. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli pale nje ya karakana hapakuwa na kibao chochote. Nikamwambia hapakuwa nacho. Akasema, "Kwa hiyo niliona sawa." Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Leo asubuhi, kabla sijaanza barua hii, nimepeleka maelezo yangu kwenye kamati ya nidhamu, kurasa sita, nimeandika jina langu kila ukurasa na kusaini. Nimewapelekea nakala mkurugenzi na makao makuu. Nimeambatisha zile fomu tano zenye mashine moja. Karani alisoma ukurasa wa kwanza akaniuliza kama nina wakili, nikasema sina. Nimefanya hivyo kabla ya kukuandikia wewe kwa makusudi, kwa sababu ningekuandikia kwanza ningengoja jibu lako, na kwenye kungoja ningepata upenyo. Unaposoma hapa haiwezekani tena kurudisha. Kinachobaki ni barua yako. Karani anasema maelezo yangu peke yake yanaweza kuonekana ya mtu anayemtetea rafiki, na kwamba malalamiko yataondolewa na aliyeyaleta tu. Nakuomba uyaondoe kabla ya Alhamisi. Yale yaliyo mabaya ndani yake ni ya kweli, ila jina ndilo limekosewa. Ukitaka, andika mengine uweke langu, nitayapeleka mwenyewe kama nilivyopeleka ya kwanza.

Sikuombi unisamehe. Ningependa, lakini sikuombi.

Nifikishie salamu kwa shemeji na uwabusu wapwa zangu. Jirani wa kushoto anakusalimu, na wachonga mawe wote wanakupa pole tena. Shangazi tangu jana hajanisemesha, ila amepita hapa akaona naandika, akauliza kama ni kwako. Nikamwambia ndiyo. Akasema nikuandikie kwamba anakusalimu sana, na kwamba ukija, ufikie chumbani kwake.

Ni mimi, mdogo wako.